Hapigi mbawa, sasa anapandaje?

Ukiwa Songea asubuhi ya kiangazi, angalia angani upande wa milima ya Matogoro. Saa moja ni nadra kuona mwewe akizunguka. Ikifika saa nne au tano hivi, huyo hapo, anapanda tu bila kupiga mbawa.

Nguvu anaitoa wapi? Ardhini! Jua linapasha udongo, udongo unapasha hewa iliyo juu yake, hewa inatanuka, inakuwa nyepesi, inapanda. Na kumbe mwewe ndani yake anashuka muda wote, ila hewa inapanda haraka kuliko anavyoshuka. Marubani wa ndege zisizo na injini hufanya hivyohivyo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Mwingereza Colin Pennycuick aliwafuata tai wa Serengeti kwa ndege nyepesi, injini akiizima angani. Tai hupanda kwenye mkondo mmoja, kisha huteleza hadi mwingine, kilomita nyingi karibu bure. Hivyo anaweza kulala kwenye miamba yake na bado akawafikia nyumbu waliko. Ndiyo maana pia mzoga mmoja uliotiwa sumu huua tai waliotoka mbali sana.