Biskuti za Pasaka Nyumbani: Yai, Sukari na Furaha ya Ufufuko



Juma Kuu linapokaribia, baadhi ya waamini wa Ndundu na Kibiti hutuuliza kama inafaa kuoka na kupamba biskuti za Pasaka, au kama huo ni ugeni na anasa. Swali hilo si dogo. Pasaka ya mwaka 2024 tuliiadhimisha Machi 31, na mwezi Aprili, tukiwa bado katika kipindi hicho cha Pasaka, maji ya mto Rufiji yalifunika mashamba ya mpunga na kuwatoa watu katika makazi yao. Aliyepoteza shamba ana haki ya kuuliza sukari ya mapambo ina kazi gani mezani pake.

Jibu letu ni kwamba inafaa, ikiwa kazi hiyo inaifundisha familia Ufufuko na kuifungulia jirani mlango. Isipofanya hivyo, ni utamu tu.

Yai lina historia katika Kanisa

Katika karne za kati, Wakristo wa Magharibi walijinyima nyama pamoja na mayai katika siku zote za Kwaresima. Kuku, hata hivyo, hawakufunga; waliendelea kutaga. Hivyo Pasaka ilipofika, nyumba zilikuwa na mayai mengi, nayo yakapelekwa kanisani yabarikiwe. Rituale Romanum, kitabu cha ibada kilichotolewa chini ya Papa Paulo V mwaka 1614, kilikuwa na sala za kubariki mwanakondoo, mkate na mayai ya Pasaka. Sheria ya Kanisa ya leo haitukatazi mayai katika Kwaresima, lakini ishara imebaki: ganda lililofungwa kama kaburi, na uhai unaotoka ndani yake.

Vileja vya mchele wetu

Hatuna haja ya kutafuta biskuti mbali. Pwani yetu ina vileja, vinavyookwa kwa unga wa mchele, na Rufiji ni nchi ya mpunga. Changanya vikombe vitatu vya unga wa mchele, kikombe kimoja cha sukari iliyosagwa, kikombe kimoja cha samli, viini vya mayai manne na hiliki. Kanda hadi donge lishikamane, kisha tengeneza viduara vilivyo bapa juu, ili mapambo yapate pa kukaa.

Asiye na tanuri atumie sufuria kubwa yenye mchanga mkavu, iliyokwisha kupata moto; trei ikae ndani, nao mkaa upaliwe juu ya mfuniko, moto wa wastani juu na chini. Vileja havitakiwi kuwa vyekundu. Viepue vikiwa bado vyeupe na uviache vipoe kabisa, maana vikiwa vya moto humong'onyoka.

Viini vimeingia katika vileja. Ute mmoja utatosha kwa mapambo, na uliobaki ukaangwe uwe kitoweo. Aisingi hii, ambayo waokaji huiita ya kifalme, ni ute wa yai moja, takriban gramu 225 za sukari laini ya unga iliyochekechwa, na matone machache ya ndimu. Bakuli lisiwe na chembe ya mafuta wala kiini, kwani mafuta huuzuia ute usiumuke. Piga mpaka iwe nyeupe, nzito na isimame yenyewe. Iliyo nzito ni ya kuchora mistari. Ukiongeza maji tone kwa tone hulainika na kutandaa ndani ya mistari hiyo. Mfuko safi uliokatwa pembe kidogo unatosha kuwa kalamu. Binzari hutoa rangi ya manjano, na maji ya choya hutoa wekundu. Bakuli lifunikwe kwa kitambaa chenye unyevu, la sivyo aisingi itaganda kabla ya kazi kwisha.

Tuwaonye wazazi juu ya jambo moja. Ute mbichi unaweza kubeba vimelea vya salmonela. Kwa watoto wadogo, wajawazito, wazee na wagonjwa, acheni ute. Koroga sukari ya unga na maji ya moto kidogo na ndimu. Haigandi kwa ugumu uleule, lakini ni salama zaidi.

Kuchora na kungoja

Wazazi wawaeleze watoto kila wanachochora: msalaba, mwanakondoo, jua linalochomoza, Mshumaa wa Pasaka wenye Alfa na Omega. Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliiita familia Kanisa la nyumbani; hapa jikoni mtoto anaweza kusikia kwa mara ya kwanza kwa nini kaburi lilikuwa tupu.

Vileja viokwe mapema katika Juma Kuu, lakini si Ijumaa Kuu, siku ya kufunga na kukaa chini ya Msalaba. Mapambo yafanywe Jumamosi mchana, kwa utulivu, bila kuonja. Pasaka mara nyingi hutukuta katika masika, na hewa yenye unyevu huchelewesha kukauka; usihesabu saa mbili tatu, hesabu usiku mzima. Basi acheni trei mezani, mwende kwenye Mkesha. Mtoto anayengoja aisingi ikauke huku akingoja Aleluya amejifunza maana ya Jumamosi Kuu kuliko tunavyoweza kumhubiria.

Sahani ya jirani

Ndundu tunaishi na ndugu zetu Waislamu, ambao sahani zao hutufikia siku ya Idi. Vileja hivi wengi wetu tumefundishwa na mama zao. Kwa hiyo sahani ya kwanza ya Jumapili ya Pasaka iende kwa jirani. Tumia samli au mafuta ya mimea, usitie kileo, nawe ukiulizwa ni sikukuu gani, jibu kwa heshima na bila haya.

Na yule ambaye mafuriko yalimwachia deni? Asikope ili apambe. Ila jumuiya ndogo ndogo inaweza kuchanga, mmoja unga, mwingine yai, mwingine mkaa, na kuoka mahali pamoja, kisha sahani ikafika kila nyumba, hasa ile yenye mgonjwa au msiba. Neno Pasaka hutokana na neno la Kiebrania linaloelezwa kuwa kupita. Sisi tunaoishi kando ya Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003, tunakumbuka tulivyolisubiri pantoni ili kuvuka. Kristo amekwisha kuvuka mbele yetu, na hataki mmoja wetu abaki ng'ambo peke yake.

Kristo amefufuka! Amefufuka kweli kweli, Aleluya!