Vakansi ku Jinja: kabla mutoto aingie ndani ya kayaki

Vakansi kubwa ikifika, kuna wababa wenye wanatoka ku machimbo ya Manguredjipa na makuta kidogo mufukoni na swali moja: tupeleke watoto wapi? Wenye wako na ndugu Uganda wanachukua barabara ya Beni–Kasindi, kilometa kama 80 zenye kila mutu anapita akiomba Mungu, kisha Kasese, kisha Kampala. Wengine wanasogea mbele kilometa ingine kama 80 mpaka Jinja, kwenye Nili inatokea ndani ya ziwa Victoria. Pale wanaona watu wanashuka muto ndani ya mitumbu midogo ya plastiki, na watoto wanaanza: papa, na siye!

Tuseme basi ile kitu ni nini, juu sisi watu wa milima, wengi wetu hatujui hata kuogelea.

Kayaki ni mutumbu mwembamba wa mutu mumoja ao wawili. Unakaa miguu imenyooka mbele, kafi yako iko na vichwa viwili, unapiga kuume, unapiga kushoto. Kuna ya kufungwa, yenye kitambaa kinaziba kiuno ili maji isiingie: ni ya wenye wamefundishwa, wenye wakipinduka wanajigeuza na kafi bila kutoka. Ya familia ni ile ya wazi. Unakaa juu yake, ikipinduka unaanguka tu ndani ya maji na unaipanda tena. Kwa mutoto, omba hiyo ya wazi, na sehemu ya muto yenye kutulia.

Maana Nili pale iko na sura mbili. Maporomoko wanayapima kwa namba, 1 mpaka 6. Namba 1 ni maji ya kutikisika kidogo. Namba 5 ni ya mafundi. Kwa 6 hata fundi mara nyingi anabeba kayaki begani na kupita inchi kavu. Zamani yalikuwa mengi kuliko leo. Baraji ya Bujagali ya megawati 250, yenye ilimalizika 2012, ilizamisha mengine, na ile ya Isimba ya 2019 ikaongeza. Viongozi wa muto walipoteza sehemu ya kazi yao. Lakini sisi wenye tunajua bei ya mafuta ya masini ya umeme, hatuwezi kuhukumu Uganda haraka.

Kiongozi muzuri unamujua mbele ya kuingia maji. Anavalisha kila mutu jile ya kuelea na anaivuta juu ku mabega: ikipanda mpaka ku masikio, ni kubwa, mutoto atateleza kutoka ndani yake. Anatoa kofia ngumu. Kuna kayaki ya pili ya kusaidia, na kamba ya kurusha. Na anafundisha kuanguka: ulale mugongo, miguu juu, ielekee kule maji inaenda. Usijaribu kusimama ndani ya maji yenye kukimbia, hata kama inaonekana fupi, maana muguu ukinaswa kati ya mawe, maji inakuangusha kifudifudi na kukushikilia palepale. Wenye wamefanya kazi ya draga wanaielewa bila kuelezwa. Kiongozi akiruka mafundisho haya juu ya haraka, chukua watoto wako muende kula samaki.

Na bilharzia iko ndani ya maji ile. Mukirudi, mwambie munganga kama muliingia Nili. Dawa yake, praziquantel, inaua minyoo yenye imekomaa, njo maana wanaitoa wiki 6 ao 8 kisha, si siku ileile.

Sasa mutauliza: na Semliki yetu? Inatoka ziwa Edouard pale Ishango, inapita chini ya Ruwenzori, inafika ziwa Albert, na kule inakutana na maji yenye imepita Jinja. Ni Nili ileile. Lakini hapa hakuna mutu mwenye anashuka muto kila siku na kuujua jiwe kwa jiwe. Kuna viboko, na wavuvi wa Kyavinyonge wanajua kile kiboko anafanya mutumbu. Kuna pia wenye silaha porini. Hendri Coetzee, Mwafrika Kusini mwenye aliishi Jinja, aliongoza mwaka 2004 safari ya kushuka Nili kutoka ziwa Victoria mpaka baharini. Desemba 2010, akiongoza Wamarekani wawili ku Lukuga, muto wenye unatoka ziwa Tanganyika, mamba alimuvuta kutoka ndani ya kayaki yake. Alikuwa na miaka 35. Kama fundi wa namna ile alienda hivyo ku muto wenye haukuwa wa kila siku, mutu akikuambia leo anapeleka familia ku Semliki, kataa.

Kitu tunatamani kitoke Jinja mbele ya kayaki ni jile. Kule, mutu mwenye analipa kucheza anakatazwa kuondoka bila kuivaa. Kwetu, mama mwenye anavuka muto na mutoto mugongoni na gunia la muhogo, kupelekea wachimbaji chakula, hana kitu. PDG wa shimo ananunua pompe, ananunua mafuta. Jile tano ndani ya mutumbu wa kuvukisha watu hazitamumaliza, na mvua ya Septemba iko karibu.