Binti halelewi kwa nguo ya Idd peke yake

SIFA zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu (S.W.T.), Muumba wa mbingu na ardhi, Mwenye kumjaalia amtakaye watoto wa kike na kumjaalia amtakaye watoto wa kiume. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), baba wa mabinti wanne, pamoja na aali zake, masahaba zake na wote waliofuata mwenendo wao kwa wema hadi Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo, ndugu msomaji, Ijumaa ya leo tumekusudia kuzungumza juu ya jambo ambalo hutajwa kwa nadra katika mimbari zetu, nalo ni maisha ya kila siku ya baba pamoja na binti zake wadogo. Kuhusu mama na binti yamesemwa mengi. Kuhusu baba, aghalabu husemwa kwamba wajibu wake ni kutafuta riziki, kulipa gharama za shule na, inapokaribia Idd, kununua nguo mpya. Sisi tuliojaaliwa mabinti watatu tuliishi na imani hiyo kwa miaka kadhaa, mpaka swali la mtoto mmoja lilipotuzindua.

Swali la usiku wa Idd

Binti yetu wa kwanza alizaliwa hapa Dar es Salaam katika Ramadhani ya mwaka 2016, iliyoanza mwezi Juni, wakati wa baridi ya kipupwe. Ramadhani ya mwaka 2025 ilituingilia mwezi Machi, katika joto linalotangulia mvua za masika. Kwa hesabu ya Hijria mtoto huyo alikuwa ametimiza miaka tisa, na mwezi huo ndipo alipofunga siku nzima kwa mara ya kwanza. Mchana kutwa alitufuata chumba hadi chumba akituuliza kama kumeza mate kunafunguza, kama kunusa harufu ya kaimati jikoni kunafunguza, na kama saa ya ukutani haikusimama. Ilipoadhiniwa Magharibi alikula tende moja, akanywa maji, akasinzia palepale mkekani kabla uji haujapoa.

Usiku wa kuamkia Idd el Fitr tulikaa nao kupima Zakatul Fitri. Mafunzo ya Mtume (S.A.W.), kama alivyopokea Ibn Umar (R.A.), ni kwamba sadaka hiyo humlazimu kila Muislamu, mwanamume na mwanamke, mkubwa na mdogo, kwa kipimo kimoja. Tulipima mchele mafungu matano, kila fungu takribani kilo mbili na nusu: la baba, la mama na ya mabinti watatu. Mdogo wao, wa miaka mitatu, alitaka aoneshwe fungu lake ni lipi, na alipooneshwa akalilinganisha kwa macho na la baba yake. Yalikuwa sawa. Akaridhika.

Kesho yake, baada ya swala, tuliwachukua kwenda kuwapa wazee mkono wa Idd. Watoto walikuwa wamependeza, mikono ina hina, na kila walipoingia walitoa shikamoo zao vizuri. Katika nyumba moja mzee wetu wa ukoo aliwapokea kwa furaha na kuwapa fedha za sikukuu, kisha akatugeukia na kusema mbele yao, "Hawa ni wageni tu katika nyumba yako, leo wapo kesho watachukuliwa. Sasa lini utatuletea mtoto mwenyewe?" Waliokuwapo wakacheka. Nasi, kwa kuchelea kumvunjia mzee heshima, tukacheka pamoja nao.

Usiku, wakati wadogo wamekwisha lala, yule wa kwanza akaja kukaa karibu nasi. Alikuwa bado na gauni lake jipya. Akauliza, "Baba, ulitaka tuwe wavulana?" Tukamjibu hapana. Akauliza tena, "Mbona ulicheka?"

Ndugu msomaji, hatukuwa na jibu. Usiku uliotangulia tulikuwa tumempimia kipimo kilicho sawa na chetu, na mchana wake tukanyamaza alipopunguzwa mbele za watu. Nguo tuliyomnunulia kwa fedha nyingi haikuweza kumfariji kwa neno lile wala kwa kicheko kile.

Jibu alilokuwa nalo tayari

Uzito wa jambo hili haukuanza leo. Katika Suratun Nahl, aya ya 58 na 59, Mwenyezi Mungu anawasimulia watu wa zama za ujahilia ambao mmoja wao alipopewa habari ya kuzaliwa mtoto wa kike uso wake ulisawijika kwa huzuni, akawa anajificha na watu, huku akiwaza amweke kwa unyonge au amfukie mchangani. Na katika Suratut Takwir, aya ya 8 na 9, tunaelezwa kwamba mtoto wa kike aliyezikwa hai ataulizwa kwa dhambi gani aliuawa. Leo hatuwafukii binti zetu mchangani, Alhamdulillahi. Lakini uso unaosawijika bado tunao, na wakati mwingine tunauficha ndani ya mzaha.

Mtume wetu mwenyewe (S.A.W.) aliyaonja maneno haya. Watoto wake wa kiume walifariki wakiwa wadogo, na wafasiri wa Qur'an wanaeleza kuwa mmoja wa washirikina wa Makka, Al-As bin Wail, alimkebehi kwamba ni mtu aliyekatikiwa na kizazi. Hapo ndipo ikateremka Suratul Kauthar, yenye aya tatu tu, kumliwaza Mtume na kumjulisha kwamba aliyekatikiwa ni yule anayemchukia.

Tulipolikumbuka hilo tulimwomba binti yetu atusomee sura hiyo. Aliisoma bila kusita, kwani ni miongoni mwa sura za mwanzo alizohifadhi madrasa. Ndipo tukamweleza sababu ya kuteremka kwake, kwamba Mtume wa Mwenyezi Mungu aliwahi kutaniwa kama alivyotaniwa baba yake, na jibu likatoka juu ya mbingu saba. Tukamweleza pia kuwa Zainab, Ruqayya, Ummu Kulthum na Fatima (R.A.) walikuwa fahari ya baba yao, na kwamba Fatima alipoingia kwa baba yake, Mtume alikuwa akiinuka, akimbusu na kumketisha mahali pake. Mwisho tukamwomba radhi kwa kicheko chetu. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama baba yake naye atakuwa akiinuka.

Mambo manne yasiyo na sikukuu

Tangu siku hiyo tuliirudia kwa makini hadithi aliyoipokea Uqba bin Amir (R.A.), iliyomo katika mkusanyiko wa Ibn Majah. Mtume (S.A.W.) anafundisha kwamba mwenye mabinti watatu, akawasubiria, akawalisha, akawanywesha na kuwavisha kwa alichokichuma, watakuwa kinga yake na Moto Siku ya Kiyama. Tazama, ndugu msomaji, mambo yaliyotajwa: subira, chakula, maji na mavazi. Hakuna hata moja ambalo ni la siku moja katika mwaka. Na lililotangulizwa mbele ya yote ni subira, ambayo haipatikani dukani.

Subira hiyo ina majira yake. Januari, katika jua kali la kiangazi, shule zinapofunguliwa, ni kupiga pasi sare za watoto watatu na kutafuta soksi iliyopotea huku daladala zikipita zimejaa. Masika yanapoanza ni kumbeba mdogo begani kuvuka njia iliyojaa maji, yule wa kati akiwa ameshika viatu vyake mkononi na kutaka naye abebwe. Kipupwe kinapoingia, mwezi Juni, ni kuchemsha maji ya kuoga alfajiri na kuwaamsha kwa upole kwa ajili ya swala, kwa kuwa mtoto aliyefikisha miaka saba ndio umri tulioelekezwa kumwamrisha kuswali. Na vuli, maembe yanapoiva, ni kuamua ugomvi wa nani alikula kokwa ya mwenzake.

Kuna wiki moja mama yao alisafiri kumuuguza mzazi wake, tukabaki nao peke yetu. Asubuhi ya kwanza tulishika kitana na mafuta ya nazi tukajaribu kuwafunga nywele. Mabutu yale yalikwenda upande. Shuleni wenzao waliwacheka, nao wakarudi wakicheka pia. Kufikia siku ya tano mkono ulikuwa umezoea, na katika dakika zile ishirini za kuchana nywele tulisikia habari za shule, za marafiki na za hofu zao ambazo hatukuwahi kuzisikia katika miaka yote ya kulipia shule hiyo. Huenda baba wengi hatuwajui binti zetu kwa sababu hatujawahi kuketi nao mahali ambapo hawana la kufanya ila kuzungumza.

Na hata katika ibada, mtoto wa kike si wa kufukuzwa. Abu Qatada (R.A.) amesimulia, katika hadithi waliyoikubali Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (S.A.W.) aliswali akiwa amembeba mjukuu wake Umama, binti wa Zainab, alipokwenda kusujudu alimweka chini na aliposimama alimnyanyua. Siku nyingi tuliwahi kumkemea mdogo wetu kwa kutupanda mgongoni tukiwa katika sijda. Baada ya kuizingatia hadithi hiyo tulimwacha, naye baada ya muda akaacha mwenyewe kupanda, akawa anasimama kando yetu na khanga ya mama yake inayoburura sakafuni.

Kuhusu kulisha, bibi Aisha (R.A.) amesimulia habari ya mwanamke masikini aliyemjia na mabinti wawili akiomba, naye bibi Aisha hakuwa na kitu ila tende moja. Mama yule aliigawa nusu kwa nusu baina ya binti zake, mwenyewe asile kitu. Mtume (S.A.W.) alipoelezwa alibainisha kuwa mwenye kutahiniwa kwa mabinti akawatendea wema, watakuwa pazia baina yake na Moto. Tende moja ilitosha kuwa sababu. Basi asitudanganye shetani kwamba asiye na uwezo wa kununua magauni ya Idd amekosa cha kuwapa binti zake.

Hesabu ya miaka

Mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa takribani siku kumi na moja, na ndiyo maana Ramadhani huzunguka majira yote katika muda wa miaka 33 hivi. Hapa kwetu, karibu na ikweta, tofauti ya urefu wa mchana wa kipupwe na ule wa kiangazi haifiki saa moja, kwa hiyo mzunguko huo tunautambua zaidi kwa joto, mvua na matunda yaliyopo mezani wakati wa kufuturu. Binti yetu alizaliwa Ramadhani ikiwa katika kipupwe. Itakaporejea tena Juni atakuwa mtu mzima wa zaidi ya miaka thelathini na, Inshallah, yuko katika nyumba yake. Kwa maneno mengine, baba hapewi hata mzunguko mmoja kamili wa Ramadhani pamoja na binti yake chini ya dari moja. Hupewa nusu yake, au zaidi kidogo.

Katika maana hii yule mzee wetu alisema kweli kwamba binti ni mgeni. Lakini Uislamu umetufundisha nini kuhusu mgeni? Umetufundisha kumkirimu, na mgeni hakirimiwi kwa kuambiwa kuwa si mwenyeji.

Idd el Hajj ya mwaka huohuo, mwezi Juni, tulirudi katika nyumba ile pamoja na watoto wote watatu. Mzee alipoanza tena mazungumzo yake tulimwomba radhi kwa adabu, tukamweleza kwamba hawa ndio watoto wenyewe, kwamba tumewapokea kwa shukrani, na tukamwomba awaombee dua. Palikuwa na ukimya. Kisha mzee akainua mikono yake, akawaombea dua ndefu, akiwataja kwa majina mmoja baada ya mwingine. Yule mkubwa aliitikia amin kwa sauti kuliko sisi sote, na njiani kurudi nyumbani alitushika mkono mpaka kituoni.

Anas bin Malik (R.A.) amepokea, katika Sahihi Muslim, kwamba atakayewalea mabinti wawili mpaka wakabaleghe atakuja Siku ya Kiyama akiwa karibu na Mtume (S.A.W.) kama vidole viwili vilivyokutanishwa. Mpaka wakabaleghe, ndugu msomaji, si mpaka Idd ipite. Kwa hiyo leo, baada ya swala ya Ijumaa, mwenye binti na amtazame. Kama kuna neno lilisemwa mbele yake nasi tukacheka, tumwombe radhi. Na akiingia chumbani, tuinuke.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awafanye binti zetu kitulizo cha macho yetu, atupe subira ya kuwalea katika kila majira, na awarehemu wazazi waliotulea sisi. Amin.

Wabillahi Tawfiq.