Land Rover Haiwaki: Pima Swichi Kabla Dereva Hajakatwa Mshahara

Ndugu wafanyakazi, katika mashamba ya chai na ya miwa bado zipo Land Rover za zamani zinazovuta matela ya majani na kupeleka maji kwa wakataji. Nyingi ni Series III, aina iliyotengenezwa Uingereza kuanzia 1971 hadi 1985. Bodi yake ni ya aluminiamu na injini hufufuliwa mara nyingi. Lakini swichi ya ufunguo ni kitu kidogo kinacholika ndani kila ufunguo unapozungushwa, wala hapana anayeikumbuka mpaka asubuhi gari linapogoma. Hapo lawama humwangukia dereva.

Katika shamba moja ambalo tawi letu linalihudumia, dereva aliambiwa ameua betri kwa kuacha taa zikiwaka. Betri mpya ikanunuliwa, gari likatembea siku mbili, likagoma tena. Safari hii akaambiwa ameunguza stata. Stata ikabadilishwa, naye akaletewa karatasi atie sahihi kwamba anakubali kukatwa mshahara miezi minne. Alikataa, akamwita mwakilishi wa wafanyakazi. Akaja fundi umeme kutoka mjini na balbu moja na nyaya mbili, na haikupita nusu saa akaonyesha mbele ya msimamizi kwamba stata ya zamani ni nzima. Kilichokufa ni miguso ya ndani ya swichi. Karatasi ile ikachanwa. Tangu siku hiyo madereva wananiuliza alipimaje, nami naandika hapa kwa gari la petroli.

Anza na betri, maana fundi naye alianza hapo. Vichwa vyake viwe safi na vimekazwa, na waya unaokwenda bodi usiwe umelegea. Washa taa kubwa, kisha piga stata. Taa zikififia kabisa, shida ni betri au vifungo vyake. Zikibaki kali vilevile na stata kimya, basi umeme wa kuiamsha stata haufiki, na hapo swichi inaingia katika mashaka.

Ipo dalili nyingine ambayo mimi naiamini kuliko zote. Injini inashika wakati stata inazunguka, ukiachia ufunguo urudi nafasi yake, inazima papo hapo. Kwa Land Rover hizi, mara nyingi mguso wa nafasi ya kutembea umelika, na ule wa stata bado mzima. Vilevile ukitikisa ufunguo na taa nyekundu ya chaji ikawa inawaka na kuzimika, usitafute mbali.

Sasa chukua balbu ya volti 12, ifunge nyaya mbili. Mmoja ubane kwenye chuma kitupu cha bodi, wa pili ndio wa kugusia. Baadhi ya Land Rover za kabla ya Series III zilifungwa upande wa chanya wa betri kwenye bodi, lakini balbu haijali, itawaka tu. Weka gia huru na vuta breki ya mkono. Nyuma ya swichi tafuta rangi tatu. Waya wa kahawia unatoka kwenye betri, kwa hiyo balbu iwake hata ufunguo ukiwa mfukoni. Isipowaka, swichi haina kosa, umeme umekatika njiani. Waya mweupe unakwenda kwenye koili, nao uwake ufunguo ukifunguliwa. Waya mweupe wenye mstari mwekundu unakwenda kwenye solenoidi ya stata, nao uwake wakati wa kupiga stata tu. Kahawia ukiwaka na mmojawapo wa hawa wawili usiwake, au uwake kwa unyonge, umempata mwizi. Magari haya yamepita mikono mingi, basi kama rangi zimebadilishwa fuata waya kwa mkono mpaka mwisho wake.

Ndugu dereva, angalia sana waya wa kahawia. Katika magari haya haupiti kwenye fyuzi. Bisibisi ikiugusanisha na bodi, nyaya zinaungua nyuma ya dashibodi kabla hujafika kwenye betri. Kabla ya kufungua swichi, ondoa kwanza kile kichwa cha betri kinachokwenda bodi.

Sehemu ya umeme ni kipande peke yake nyuma ya kufuli la usukani, kwa hiyo hapana sababu ya kununua kufuli zima. Ufunguo ukiwa mgumu usitie mafuta, hushika vumbi. Unga mweusi wa kalamu ya risasi unatosha. Na lile shada la funguo za stoo, za nyumba na za baiskeli lisining'inie hapo.

Wasimamizi wengine husema, "Unganisha waya moja kwa moja, kazi iendelee." Hilo likataeni. Gari lenye waya kutoka betri hadi koili halizimwi kwa ufunguo, na likisimama huku waya umeachwa, koili huchemka mpaka kuungua. Kwenye mteremko, na watu wamepanda tela, ni nani atakayejibu?

Juu ya makato, Mkataba namba 95 wa mwaka 1949 wa Shirika la Kazi Duniani, kifungu cha 8, unasema mshahara ukatwe tu kwa masharti na kiasi kilichowekwa na sheria ya nchi, mkataba wa pamoja au uamuzi wa usuluhishi. Karatasi ya msimamizi siyo mojawapo. Basi kila gari likigoma, andika katika kitabu cha gari tarehe, saa, waya upi uliwasha balbu na upi haukuwasha, na shahidi aliyekuwepo. Kifaa cha zamani kikitolewa, kifungwe karatasi yenye namba ya gari na kiwekwe stoo mpaka mwakilishi wenu akione kikipimwa.