Dawa za Mifupa Baada ya Kukoma Hedhi: Kwa Nini Mgonjwa Hapaswi Kuziacha Bila Daktari

Mwanamke mwenye umri wa miaka 65 anateleza uani, anaangukia ubavu na nyonga yake inavunjika. Nyumbani husemwa kuwa ni uzee. Madaktari hulitazama jambo hilo kwa namna nyingine: mfupa unaovunjika kwa anguko dogo, la mtu aliyekuwa amesimama tu, ni dalili ya osteoporosisi, ugonjwa unaopunguza uzito na uimara wa mifupa. Ugonjwa huo una dawa, na dawa hizo zina masharti ambayo yakipuuzwa humwacha mgonjwa bila faida, na wakati mwingine katika hatari mpya.

Mfupa hai hubomolewa na kujengwa upya wakati wote. Homoni ya estrojeni huzuia ubomoaji usizidi ujenzi. Hedhi inapokoma, kwa wanawake wengi kati ya umri wa miaka 45 na 55, homoni hiyo hupungua na mizani huelemea upande wa ubomoaji, kwa kasi zaidi katika miaka michache ya mwanzo. Hakuna maumivu yanayotangulia. Wengi hugundua siku kifundo cha mkono, pingili ya uti wa mgongo au nyonga inapovunjika; wengine huona kimo kikipungua na mgongo ukipinda, wakadhani ni kawaida ya umri.

Ugonjwa huthibitishwa kwa kipimo cha mionzi hafifu kiitwacho DXA, kinachopima wingi wa madini katika mfupa. Kwa kigezo cha Shirika la Afya Duniani (WHO), alama ya -2.5 au chini ya hapo, ikilinganishwa na wanawake vijana wenye afya, huhesabiwa kuwa osteoporosisi. Mashine hiyo haipo katika kila hospitali. Hata hivyo, mwanamke ambaye tayari amevunjika nyonga au pingili kwa anguko dogo hana haja ya kuisubiri ndipo azungumze na daktari kuhusu dawa; mvunjiko huo wenyewe ni ushahidi wa kutosha.

Dawa zinazotumika zaidi ni za kundi la bisifosfoneti, ambazo hujishikiza kwenye mfupa na kupunguza ubomoaji. Inayojulikana zaidi ni alendroneti, kidonge cha miligramu 70 kinachomezwa mara moja kwa wiki. Utafiti uliochapishwa mwaka 1996, uliohusisha wanawake zaidi ya 2,000 nchini Marekani ambao tayari walikuwa na pingili zilizovunjika, ulionyesha kuwa dawa hiyo ilipunguza mivunjiko ya nyonga kwa takriban nusu.

Faida hiyo hutegemea namna ya kumeza. Kidonge humezwa asubuhi, tumbo likiwa tupu, kwa glasi nzima ya maji matupu. Chai, hata ya rangi, maziwa na vidonge vya kalsiamu huzuia dawa isiingie mwilini, hivyo mwanamke aliyezoea kuanza siku na kikombe cha chai anapaswa kusubiri angalau dakika 30. Katika muda huo akae wima au atembee. Akirudi kulala, dawa inaweza kubaki kwenye umio na kuusababishia vidonda. Anayefunga Ramadhani aulize mapema saa ya kumeza. Mwenye matatizo ya umio, au asiyeweza kukaa wima kwa nusu saa, hapewi kidonge hicho. Kwake ipo asidi ya zoledroniki, dripu ya mara moja kwa mwaka, mradi figo zake ziwe zinafanya kazi vizuri.

Dawa za kundi hili hubaki katika mfupa kwa muda mrefu. Kwa sababu hiyo, baada ya takriban miaka 5 ya vidonge au miaka 3 ya dripu, daktari anaweza kumpumzisha mgonjwa ambaye hatari yake si kubwa.

Sindano ya denosumabu ni jambo jingine kabisa, na hapa ndipo makosa huwa ghali. Hudungwa chini ya ngozi kila baada ya miezi 6 na huimarisha mifupa vizuri, lakini haibaki ndani ya mfupa. Nguvu yake inapokwisha, ubomoaji hurudi kwa kasi kuliko awali, na baadhi ya wagonjwa walioiacha wamevunjika pingili kadhaa kwa mfuatano. Mgonjwa anayetaka kuiacha, iwe kwa gharama, kwa safari au kwa kuona amepona, huhitaji kuhamishiwa dawa nyingine, mara nyingi ya bisifosfoneti. Aidha, kiwango cha kalsiamu katika damu hurekebishwa kabla ya sindano, hasa kwa wenye ugonjwa mkubwa wa figo.

Hofu inayosikika mara kwa mara ni ile ya mfupa wa taya kufa. Tatizo hilo lipo, lakini ni nadra kwa wanaotumia dozi za osteoporosisi. Jino linalohitaji kung'olewa ling'olewe kabla ya matibabu kuanza. Maumivu mapya ya paja au kinena yaripotiwe haraka, kwani matumizi ya miaka mingi yanaweza, kwa nadra, kusababisha mvunjiko usio wa kawaida wa mfupa wa paja.

Tiba ya homoni nayo hulinda mifupa, na huwafaa zaidi wanawake walio chini ya miaka 60 wanaosumbuliwa pia na joto la ghafla mwilini. Matokeo ya utafiti wa Marekani yaliyotangazwa mwaka 2002 yalionyesha kuwa estrojeni ikichanganywa na projestini huongeza hatari ya saratani ya matiti, kiharusi na damu kuganda, hivyo haitolewi bila kupima hali ya kila mmoja. Kwa wenye hatari kubwa sana zipo sindano zinazojenga mfupa, kama teriparataidi, ambazo nazo hufuatiwa na dawa ya kuzuia ubomoaji ili kilichojengwa kisipotee.

Kalsiamu na vitamini D peke yake si tiba ya mfupa uliokwisha kudhoofika, ingawa dawa zote zilizotajwa huzihitaji. Mwanamke aliyevuka miaka 50 anahitaji takriban miligramu 1,200 za kalsiamu kwa siku, na sehemu kubwa inaweza kutoka kwenye maziwa, mtindi na dagaa wanaoliwa na miiba yao. Kutembea, kubeba uzito wa wastani, kuacha tumbaku na kuondoa vitu vinavyokwaza miguu nyumbani usiku hupunguza hatari zaidi.

Anayeanza sindano ya miezi 6 aandikiwe tarehe ya sindano inayofuata kwenye kadi ya kliniki siku hiyohiyo, na ndugu mmoja aijue. Kuchelewa kwa zaidi ya mwezi mmoja ni sababu ya kurudi kwa daktari bila kusubiri miadi.