Sikio Lililofunzwa Chuoni

Likizo hii tumeketi na watoto wetu wakicheza LittleBigPlanet, tukausikiliza muziki wake. Ni mchangamfu, umekusanywa kutoka pembe nyingi za dunia, nasi twakiri umetupendeza.

Lakini una kisa. Oktoba 2008, mchezo ukikaribia kuuzwa, Waislamu waliousikia mapema walitambua maneno ya Qur'ani Tukufu, yanayokumbusha mauti, ndani ya wimbo “Tapha Niang” wa Toumani Diabaté, bingwa wa kora kutoka Mali. Sony ikaahirisha uuzaji duniani kote, na wimbo ukabakizwa ala tupu.

Marehemu Diabaté alikuwa Muislamu. Kwao Mali, dini na ala huandamana. Hata kwetu, wako wanaopiga dufu maulidini na wako wanaojizuia. Hatumhukumu.

Lililotugusa ni jingine: waliouandaa mchezo waliusikia wimbo huo wasitambue kitu. Aliyetambua ni aliyefunzwa. Basi tukawauliza wetu: mngezitambua aya hizo? Mkubwa alijibu ndiyo. Mdogo akainamisha kichwa.

Wazazi wenzetu, tusiishie kuwapokonya watoto michezo. Tuketi nao tusikilize, na darasa la Qur'ani lisikatizwe na likizo.