Watakatifu Wasiotajwa Sana (Sehemu ya 3): Watu 12 wa Scilli

Ushahidi wote tulio nao kuhusu kesi ya Speratus na wenzake 11 unaweza kusomwa ukamalizika chai ikiwa bado ya moto mezani. Ni hati moja ya Kilatini, fupi kuliko mahubiri ya padri mwenye safari. Ndani yake hamna habari za kuzaliwa kwa mtu, hamna mama aliyeoteshwa ndoto akiwa mjamzito, hamna simba aliyegoma kula wala moto uliokataa kuunguza. Kuna chumba cha baraza mjini Carthage, karibu na Tunis ya leo. Kuna tarehe, kuna liwali anayeuliza na washtakiwa wanaojibu, kisha kuna upanga. Sehemu mbili zilizotangulia zilihusu watakatifu wenye hadithi ndefu na ushahidi mwembamba. Safari hii mambo yamegeuka. Nadai kwamba ukavu wa hati hii, uliowafanya wafiadini wa Scilli wapitwe na watakatifu wenye visa vitamu, ndio unaotupa sababu ya kuiamini. Na tukishaiamini, hatuna budi kukubali jambo zito zaidi, kwamba maandishi ya Kikristo ya Kilatini tunayakuta kwanza Afrika, na tunayakuta kwa watu wadogo.

Tuanze na tarehe, maana ndiyo iliyoleta ubishi. Warumi walizoea kuutaja mwaka kwa majina ya makonsuli wake wawili, na hati inafunguka hivyo, lakini wanakili wa Zama za Kati waliyavuruga majina hayo. Kardinali Baronio, katika historia yake kubwa ya Kanisa aliyoianza kuchapisha karne ya 16 ikielekea ukingoni, aliiweka kesi hii mwaka 202, wakati wa Kaisari Septimius Severus. Mwaka 1881 Hermann Usener wa Bonn alichapisha tafsiri ya kale ya Kigiriki iliyosaidia kuumaliza utata, na mwaka 1891 J. Armitage Robinson akachapisha Kilatini chenyewe kutoka nakala ya karne ya 9 iliyohifadhiwa London. Kesi ilisikilizwa tarehe 17 Julai mwaka 180. Marcus Aurelius, Kaisari mwanafalsafa, alikuwa amefariki miezi minne kamili kabla, tarehe 17 Machi, na kiti kilikuwa kimebaki kwa mwanawe Commodus, kijana wa miaka 18. Kusogea miaka 22 nyuma kunaweza kuonekana ni hesabu za wataalamu tu, kumbe kunabadilisha kila kitu. Hati hii inakuwa andiko la Kikristo la Kilatini lenye tarehe lililo la kwanza kuliko yote tuliyo nayo, na pia habari ya kwanza ya Wakristo katika Afrika ya Kirumi. Tertuliano, anayeitwa baba wa fasihi ya Kikristo ya Kilatini, angeanza kuandika miaka kama 17 baadaye, katika mji uleule.

Mwenendo wa kesi wenyewe ni huu. Liwali Vigellius Saturninus anaanza kwa upole: wakirudiwa na akili zao watapata msamaha wa Kaisari. Speratus anajibu kwamba hawajamtendea mtu ubaya wala kumlaani mtu, na wanapoonewa hushukuru. Liwali anasema naye ni mtu wa dini, na dini yake ni nyepesi: kuapa kwa roho mlinzi wa Kaisari na kumwombea afya. Speratus anajitolea kumweleza fumbo la unyofu wa kweli kama atampa masikio matulivu. Liwali anakataa kusikiliza dini yake ikisemwa vibaya. Hapo Speratus anatamka kwamba hautambui utawala wa dunia hii, bali anamtumikia Mungu ambaye macho ya binadamu hayajamwona. Tena anaongeza kwamba hajaiba, na kila anunuapo kitu hulipa ushuru. Donata anasema Kaisari apewe heshima impasayo Kaisari, lakini hofu ni ya Mungu. Vestia anasema yeye ni Mkristo. Secunda anasema kile alicho ndicho atakacho kuwa. Liwali anawapa siku 30 za kutafakari, nao wanazikataa, kwa kuwa jambo lililo wazi kiasi hicho halihitaji kutafakariwa. Hukumu inasomwa kutoka kwenye kibao: wakatwe kwa upanga. Wanamshukuru Mungu, na hati inakwisha kwa mistari michache tu baada ya hapo.

Atakuja mtu aseme kwamba ufupi si ushahidi, kwani hata uongo unaweza kuwa mfupi. Ni kweli. Lakini uongo wa aina hii una tabia zake, na Hippolyte Delehaye, padri Mjesuiti wa kundi la Wabolandi waliokuwa wakichambua habari za watakatifu tangu karne ya 17, alizionyesha vizuri katika kitabu chake cha mwaka 1905. Mtunzi wa hadithi humpa mfiadini hotuba ndefu, humfanya hakimu kuwa mnyama mwenye hasira, huzidisha mateso, na mwishoni humwadhibu mtesi. Mtakatifu Katarina wa Alexandria, katika hadithi yake, anawashinda kwa hoja wanafalsafa 50. Speratus hapewi hata nafasi ya kueleza fumbo lake. Anakatizwa, na hoja inafia hapo. Ni mtunzi gani Mkristo angebuni mlango mzuri namna hiyo wa mahubiri kisha aufunge? Saturninus naye si mnyama. Ni mtawala aliyechoka, anayetafuta njia ya kutowaua watu hawa, na anayetoa mwezi mzima bila kuombwa. Zaidi ya hayo, Tertuliano, alipomwandikia liwali Scapula yapata mwaka 212, alimtaja Saturninus huyuhuyu kuwa ndiye wa kwanza kuwachomolea Wakristo upanga katika nchi ile, akaongeza kwamba alipoteza macho yake. Tazama basi: miaka 32 tu imepita na kisa cha adhabu ya mtesi kimeshazaliwa, lakini ndani ya hati yetu hakimo.

Sisemi kwamba tunashika mkononi karatasi ya karani wa baraza kama ilivyotoka kwake. Mkono wa Kikristo umepita humo. Hitimisho lina lugha ya ibada, na wanakili wa baadaye, katika matoleo marefu zaidi, waliwapachika washtakiwa maneno ya teolojia ambayo Speratus asingeyatambua. Aliyeichukua kumbukumbu ya baraza na kuinakili kwa ajili ya Kanisa alichagua cha kubakiza. Ila kuchagua si kubuni, na mifupa ya hati (makonsuli, mahali, maswali, kibao, mbiu ya mnadi) ni mifupa ya mahakama ya Kirumi.

Sasa tufike kwenye kasha. Katikati ya mahojiano, bila sababu inayotajwa, liwali anauliza kuna nini ndani ya kasha lao. Neno la Kilatini ni lile la kisanduku cha mviringo cha kubebea magombo. Speratus anajibu kwamba ni vitabu, na nyaraka za Paulo, mtu mwenye haki. Basi, liwali anapita, na hati haisemi kwamba kasha lilichukuliwa. Miaka 123 baadaye Kaisari Diocletian angeamuru vitabu hivyo vichomwe, na Wakristo wa Afrika wangegawanyika vibaya juu ya nani alivisalimisha na nani hakuvisalimisha. Mwaka 180 vilikuwa bado ni mzigo usiomshughulisha ofisa. Kwetu sisi swali ni hili: nyaraka hizo zilikuwa kwa lugha gani? Paulo aliandika Kigiriki. Kanisa la Roma lenyewe wakati huo lilikuwa bado linasali na kuandika Kigiriki. Lakini hawa ni watu wa mji mdogo kiasi kwamba wanaakiolojia hawajaupata mpaka leo (asiwachanganye mtu na watu wa Cillium, ambayo ni Kasserine ya sasa), na kesi yao nzima inakwenda kwa Kilatini bila mkalimani kutajwa. Majina yao ni ya Kilatini, isipokuwa Nartzalus na Cittinus, yanayonukia lugha za wenyeji. Watu hawa wangebeba kasha la magombo wasiyoweza kuyaelewa yakisomwa?

Inawezekana, mpinzani atasema: Perpetua wa Carthage, aliyeuawa mwaka 203, alijua Kigiriki, na kitabu kitakatifu chaweza kuheshimiwa hata na asiyekielewa. Hoja ya Perpetua haina uzito mkubwa, kwa kuwa alikuwa binti wa familia yenye hadhi, aliyesomeshwa vizuri. Huwezi kumpima mtu wa kijijini kwa kipimo chake. Hoja ya pili ina uzito zaidi, lakini inajibiwa na majibu ya washtakiwa wenyewe. Speratus anaposema juu ya Mungu asiyeonekana na juu ya Mfalme wa wafalme, anatembea juu ya sura ya 6 ya Waraka wa Kwanza kwa Timotheo. Donata anapotenganisha heshima na hofu, na Speratus anapotaja ushuru, msomaji yeyote wa Waraka kwa Warumi sura ya 13 atayatambua mazingira. Yaani kilichokuwa ndani ya kasha kilikuwa pia vinywani mwao, na kilitoka kwa Kilatini, mbele ya upanga, bila muda wa kutafsiri. Ndiyo maana naona ni busara kukubaliana na wale wanaosema kwamba sehemu za Agano Jipya zilikuwa zimeshafasiriwa kwa Kilatini Afrika kabla ya mwaka 180. Hakuna aliyeweka sahihi kwenye tafsiri hiyo. Jerome alikuja kuisahihisha kazi ya namna hiyo karne mbili baadaye, na sifa zote zikaenda kwake.

Kuna pingamizi jingine, la upande wa liwali, nalo si la kupuuzwa. Mtu anayetamka barazani kwamba hautambui utawala wa dunia hii, serikali gani itamwacha? Saturninus hakuwa anatunga sheria mpya. Yapata mwaka 112 Plinius, mtawala wa Bithynia, alimwandikia Kaisari Trajan kwamba huwauliza Wakristo mara tatu, na wakishikilia huwaadhibu, kwa kuwa ukaidi wenyewe unastahili adhabu. Trajan alijibu kwamba wasitafutwe, lakini wakishtakiwa na kuthibitishwa waadhibiwe. Hukumu ya Carthage inafuata njia hiyohiyo: kosa linalosomwa ni kuishi Kikristo na kukataa nafasi ya kurudi kwenye desturi za Kirumi. Hakuna wizi, hakuna uasi. Na hapa ule ushuru wa Speratus ndio ufunguo. Mwasi halipi ushuru akajisifu kwa kuulipa. Alichokikataa ni madai ya serikali kwamba ina haki ya kuapiwa kama mungu, na alikikataa huku stakabadhi zake, tuseme hivyo, zikiwa safi.

Linabaki jambo la hesabu. Liwali anawahoji watu 6: wanaume 3 na wanawake 3. Hukumu inawataja hao na wengine bila majina. Mnadi anapotangaza, majina yanakuwa 12: wanaume 7 na wanawake 5. Wapo wanaodhani kwamba majina 6 ya ziada yalipachikwa baadaye. Mimi naona kinyume. Mtu anayepachika majina huyapa kitu cha kusema, kwa sababu amewaongeza watu hao ili wapate sifa. Hawa 6 hawana hata neno lao wenyewe. Tena hukumu ilishawaachia nafasi iliposema wengine. Yaelekea zaidi kwamba walihojiwa kwingine, au walijibu pamoja na wenzao, na karani hakuona haja ya kurudia.

Je, ni haki kuwaita watakatifu wa Afrika? Tukimaanisha Afrika kama bara tunalolichora leo, neno lenyewe linatuteleza, kwa kuwa wakati huo lilikuwa jina la jimbo la Kirumi lililozunguka Carthage. Walikuwa raia wadogo wa jimbo hilo, labda wenye damu ya Kiberberi na ya Kifoinike, na sioni faida ya kuwavika rangi au taifa ambalo hati haikuwavika. Lakini Papa Paulo VI hakukosea alipowataja kwa jina tarehe 18 Oktoba 1964, siku alipowatangaza watakatifu wafiadini 22 wa Uganda. Aliona kesi mbili zinazofanana, karne 17 katikati yake: watawala walioomba utii ambao washtakiwa waliona si wao kuupewa.

Mjini Carthage walijengewa basilika, na Agostino alihubiri humo kwenye sikukuu yao. Waandishi wa Ufaransa wa karne ya 9 wanasimulia kwamba masalia ya Speratus yalibebwa hadi Lyon pamoja na ya Sipriani, na wajumbe wa Karolo Mkuu waliokuwa wakirudi kutoka kwa Khalifa Harun al-Rashid. Martirolojia ya Kirumi ingali inawaadhimisha tarehe 17 Julai. Msomaji akiifungua siku hiyo, asiishie kwa Speratus; asome pia majina ya wale 6 ambao hati haikuwapa neno: Veturius, Felix, Aquilinus, Laetantius, Januaria na Generosa. Katika sehemu ya 4 tutabaki Afrika ileile, mwaka 304, na watu 49 wa Abitina waliokamatwa kwa kosa la kukusanyika siku ya Jumapili.